Fundo na pingili: Siri ya muwa hadi ua la sebuleni

BILA shaka umewahi kusimama kwenye mkokoteni wa miwa ukamwambia muuzaji, "Kaka, nikatie ya chini bwana, hiyo ya juu wape wageni." Lakini ukiulizwa kwa nini ya chini, utajibu nini zaidi ya "ndiyo tamu"?

Jibu liko kwenye shina. Shina lina sehemu mbili zinazopokezana kutoka chini hadi juu. Fundo ni pale panapotoka jani, na kwapani mwa jani hilo hukaa jicho, ambalo likiamka linakuwa tawi. Pingili ni kipande cha katikati ya fundo na fundo. Chenyewe hakina jani wala jicho. Kazi yake ni kuurefusha mmea.

Utamu wa muwa umejaa kwenye pingili. Fundo ni gumu, lina nyuzi nyingi na sukari kidogo. Pingili za chini ndizo kongwe, zimepata muda wa kulimbikiza sukari. Za juu bado changa, maji matupu. Muuzaji hajakaa darasani kusomea hayo, lakini somo analo!

ALIPANDA KAMBA

Sasa sikia kisa cha jamaa yangu mmoja wa uswahilini, hapa hapa Dar. Kibarua kilipoota nyasi, akaamua kupanda matembele nyuma ya chumba alichopanga, auze mafungu apate kodi. Akaenda chini ya mwembe, akachagua mashina marefu ya kupendeza, akayakata vipande vifupi na kuvichomeka ardhini.

Wiki mbili baadaye, zaidi ya nusu vilikuwa vimekauka, na mwenye nyumba ameshaanza kugonga mlango. Bibi jirani akaja, akang'oa kimoja, akacheka: "Mjukuu wangu, hapa umepanda kamba!"

Bibi alikuwa sahihi. Mmea ukikosa mwanga hurefusha pingili zake kuutafuta. Shina linaonekana refu, kumbe mafundo ni machache na yako mbalimbali. Mizizi ya matembele nayo hutoka hasa kwenye mafundo. Jamaa alifukia pingili tupu, mafundo akayaacha juu yanapigwa jua.

Safari ya pili alikata mashina ya juani, yenye pingili fupi, kila kipande kama sentimita 30, akafukia mafundo matatu au zaidi. Siku hizi jioni utamkuta kibarazani na mafungu yake, na kodi inalipika.

MIMEA MINGINE JE?

Muhogo una pingili fupi sana na macho yaliyosongamana. Ndiyo maana kipande cha sentimita 20 hadi 25 chenye macho matano hadi saba kinatosha kupanda.

Mwanzi una pingili zenye uwazi ndani, lakini kila kwenye fundo kuna ukuta unaoziba. Kuta hizo ndizo zinazoupa nguvu usibonyee. Tena mafundo yake yote yamo tayari ndani ya chipukizi. Likitoka ardhini, kazi kubwa ni pingili kujinyoosha. Usishangae unavyorefuka haraka.

Na hii itakushangaza: kiazi mviringo ni shina! Yale macho yake yako kwenye mafundo. Kiazi kitamu ni mzizi, hakina fundo hata moja.

Halafu kuna lile ua la kutambaa, lenye majani kama moyo, ambalo wengi tunaliweka kwenye chupa ya maji sebuleni. Ukilitaka kwa rafiki, kata shina chini kidogo ya fundo, na fundo lenyewe lizame majini. Mizizi itatokea hapo.

Kwa hiyo dada, kaka, mchumba akikuletea jani tupu la ua hilo, mshukuru kwa pambo. Kisha mwambie kwa upole arudi na fundo.