Miaka 7 ya mzee: sheria za Marekani zinasema nini kuhusu posho ya mkimbizi

(Muziki unapungua)

MTANGAZAJI: Leo tuna barua ya mama mmoja. Baba yake mzazi alihamishiwa Marekani pamoja na kaka yake. Sasa kaka amepiga simu: mzee ameandikiwa kwamba posho yake ya kila mwezi itakatwa. Mama anauliza, baba amekosa nini? Si alikwenda na karatasi zake zote?

Mama, pole. Mzee hajakosa kitu. Kinachomkuta ni sheria ya mwaka 1996.

Mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili, na Rais Bill Clinton akazitia saini zote. Ya kwanza, tarehe 22 Agosti, ilibana misaada ya serikali kwa maskini, na wageni wakabanwa zaidi. Ya pili, tarehe 30 Septemba, iliwalenga wanaoingia au kukaa bila kibali. Waliozitetea walisema mgeni anapaswa kujitegemea, asije kwa kufuata posho. Wageni wengi walioingia kihalali wakaambiwa wasubiri miaka 5 kabla ya kupata misaada mingi. Wakimbizi hawakuwekwa kwenye foleni hiyo. Ila kwa posho moja, ile inayoitwa SSI, waliwekewa muda wa mwisho.

SSI ni pesa ya kila mwezi kwa maskini aliyetimiza miaka 65, au asiyeona, au mwenye ulemavu unaomzuia kufanya kazi. Mwanzoni mkimbizi alipewa miaka 5. Mwaka 1997 ikaongezwa ikawa 7. Ikipita hiyo tangu aingie Marekani, pesa inasimama, hata kama ana miaka 80 na hawezi kutembea. Kwa mzee asiyefanya kazi, njia iliyo wazi ya kuiendeleza ni kupata uraia.

Sasa tuhesabu pamoja. Akitimiza mwaka 1, mkimbizi anatakiwa kuomba makazi ya kudumu, yaani kadi ya kijani. Akiipata, makazi yake yanahesabiwa kurudi nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Akitimiza miaka 5 ya makazi anaweza kuomba uraia. Hapo amebakiwa na miaka 2 tu. Mtu akisikia miaka 2 anaona ni mingi, lakini maombi yenyewe huchukua miezi, na waliochelewa kuomba kadi ya kijani wamekwisha kupoteza muda tangu mwanzo.

Halafu kuna mtihani. Unasoma, unaandika na kuzungumza Kiingereza, na unaulizwa maswali ya historia na serikali ya Marekani. Wanaosamehewa Kiingereza kwa sababu ya umri ni wenye miaka 50 waliokaa na makazi ya kudumu miaka 20, au wenye miaka 55 waliokaa miaka 15. Bibi aliyefika akiwa na miaka 70 hayumo. Amelima mihogo Fizi maisha yake yote, hakuwahi kushika kalamu, na leo anaambiwa ajibu kwa Kiingereza ndipo aendelee kula. Mimi naona hapa sheria inamwonea.

Upo mlango mmoja. Kama mzee ana ugonjwa wa kusahau, alipata kiharusi, au ana ulemavu mwingine unaomzuia kujifunza, daktari anaweza kumjazia fomu ya N-648 ili asamehewe mtihani. Uzee peke yake hautoshi, na kutosoma shule peke yake hakutoshi. Daktari lazima aeleze ugonjwa wenyewe na jinsi unavyomzuia. Na posho iliyokatwa haikupotea moja kwa moja: akiapishwa kuwa raia, anaweza kuomba upya.

Sheria ile ya pili nayo ina mtego. Asiye raia akisema ni raia, labda ili apate kazi au apige kura, anaweza kufungiwa kabisa njia ya makazi ya kudumu na kurudishwa alikotoka. Wengine wametia alama kwenye fomu wasiyoielewa wakati wa kuomba leseni ya udereva. Usitie alama mahali usipoelewa. Omba mkalimani.

Wewe uliye bado kambini, ujue na haya. Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha kupokea wakimbizi, isipokuwa wachache. Na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye msaada wa chakula mpaka wapate makazi ya kudumu. Kwa hiyo anayekuja kwenye hema lako akidai atakuharakishia safari kwa malipo anakuibia. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi hata senti.

Mama, mwambie kaka yako atafute karatasi ya mzee inayoitwa I-94. Humo mna tarehe aliyoingia. Aongeze miaka 7, ndipo atajua posho inasimama lini. Kama maombi ya uraia bado hayajapelekwa, aende wiki hii kwa mwanasheria wa shirika linalosaidia wakimbizi, na amwone daktari anayemtibu mzee siku zote, kwa sababu ndiye anayeujua ugonjwa wake.

(Muziki)