Dinosaria wa Tendaguru: Mifupa na Majina

Kijana wa Afrika Mashariki anaposikia neno dinosaria, aghalabu fikra zake huelekea ng'ambo, kwenye filamu na vitabu vya kigeni. Ilhali baadhi ya dinosaria mashuhuri mno duniani walichimbuliwa Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

Takriban miaka milioni 150 iliyopita, katika enzi ya Jurasi, mahali hapo palikuwa pwani. Mizoga ya wanyama ilifukiwa na mchanga na matope. Nyama ikaoza, nayo mifupa ikapenywa na madini polepole hadi ikawa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe. Miongoni mwa wanyama hao alikuwemo Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu ajabu, na Kentrosaurus, aliyejihami kwa miiba ya mgongoni na mkiani.

Kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, msafara kutoka Berlin ulichimba mifupa hiyo. Mwanasayansi Werner Janensch alikuwa mmoja wa viongozi wake. Hata hivyo, walioshika majembe walikuwa mamia ya vibarua Waafrika. Wao ndio waliofukua, wakafungasha, kisha wakabeba mizigo kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mwaka 1937 kiunzi cha Giraffatitan, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa katika makumbusho ya Berlin, na kingali huko.

Suala la majina nalo lina uzito. Dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Kijerumani. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alisubiri hadi 2007 ndipo spishi ikaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ikafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowaenzi Wamwera wa Lindi pamoja na Mohammadi Keranje, aliyegundua mahali mifupa yake ilipokuwa.

Kwa hivyo, anayewaandikia watoto habari za dinosaria kwa Kiswahili hana budi kuwatajia Boheti na Keranje pamoja na Giraffatitan. Mtoto akiyasoma majina hayo, atatambua kwamba elimu hii ilichimbwa pia kwa mikono ya watu wa kwao.