Mdomo wa Chupa, Mdomo wa Bomba

Mwanzoni mwa mwaka 2015, vituo vya afya vya katikati ya Kampala vilianza kupokea watu wengi kuliko kawaida wenye homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kinachogonga na tumbo lisilotulia. Ilikuwa homa ya matumbo, taifodi. Kufikia katikati ya mwaka, waliodhaniwa kuugua walikuwa wamezidi 10,000, na mlipuko ulikita pale jiji linaposongamana zaidi, kwenye masoko na vituo vya teksi. Wachunguzi wa afya waliwauliza wagonjwa walikunywa nini, wakawauliza pia wenzao ambao hawakuugua. Majibu yalielekea upande mmoja: maji yasiyo salama, pamoja na vinywaji vya mitaani vilivyotengenezwa kwa maji ya namna hiyo.

Bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, hana makao mengine ila mwili wa binadamu. Hatoki kwa ng'ombe wala kwa kuku. Kila aliyeugua mwaka ule alikuwa amemeza kitu kilichotoka tumboni mwa mtu mwingine, kikapitia kwenye maji, mkononi au katika chombo. Na wapo watu waliopona zamani ambao huendelea kumbeba bila dalili yoyote, wakipika na kuuza kama kawaida.

Kwa hiyo ushauri wa kutembea na maji yako mwenyewe, yaliyochemshwa nyumbani na kutiwa kwenye chupa ya kujazwa tena, una mantiki kubwa Kampala. Una faida ya pili pia. Chupa za plastiki zinazotupwa baada ya kunywewa mara moja huziba mitaro, na mvua ikinyesha mfereji wa Nakivubo huzikokota hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria, ghuba ile ile ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya jiji. Naunga mkono chupa ya kujazwa tena kwa moyo wote. Ninachotaka kusema ni kwamba chupa hiyo ni sehemu ya maji yenyewe, na asiyeijali chupa amepoteza kazi yote aliyoifanya jikoni.

Kanuni moja ya kusaidia hapa inatoka mbali na Kampala, kwenye meli za watalii zinazobeba watu elfu kadhaa kwa siku nyingi. Katika meli nyingi za aina hiyo, abiria huombwa wasiingize chupa zao moja kwa moja chini ya bomba la maji ya kunywa; wachukue glasi safi, waijaze, kisha wamimine maji kwenye chupa. Mgeni anaweza kudhani ni usumbufu. Lakini fuata mguso hatua kwa hatua. Midomo yako imegusa mdomo wa chupa. Mdomo wa chupa unagusa mdomo wa bomba. Anayekuja nyuma yako anagusisha chupa yake hapo hapo, kisha anaipeleka mdomoni. Maji yaliyokuwa safi ndani ya tangi sasa yanapita mahali palipolambwa na watu mia.

Adui anayeogopwa zaidi melini ni virusi vya noro, vilivyopata jina kutokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio, ambako wanafunzi wa shule moja waliugua kwa kutapika mwaka 1968. Watafiti wamekadiria kwamba chembe 18 tu za virusi hivyo zaweza kutosha kumwambukiza mtu, na mgonjwa mmoja hutoa mabilioni. Dawa ya mikono yenye alkoholi haivimalizi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka huviondoa. Tangu miaka ya 1970 Marekani imekuwa na mpango maalumu wa kukagua usafi wa meli zinazotia nanga kwenye bandari zake, na meli hutakiwa kutoa hesabu za wanaougua tumbo. Ndiyo maana tunajua mengi kutoka huko. Melini watu hawatawanyiki, kwa hiyo ugonjwa huhesabika. Mtu akiugua kwa sababu ya mashine ya maji ya ofisi moja iliyo Kampala Road, anaugulia nyumbani kwake Kireka, mwenzake Nansana, wa tatu Najjanankumbi, na hakuna anayewaunganisha. Njia ya maambukizi ni ile ile kwenye tangi la shule, kwenye pipa la kanisani na kwenye kivuko kinachotoka Nakiwogo kwenda visiwa vya Ssese.

Hofu hii ya chombo cha pamoja ina historia, na historia hiyo ndiyo iliyotuletea kikombe cha kutupa. Mwanzoni mwa karne ya 20, treni na shule za Marekani zilikuwa na pipa la maji na kikombe kimoja cha bati, kila mtu akinywea hicho hicho. Daktari Samuel Crumbine, mkuu wa afya wa jimbo la Kansas, aliona wagonjwa wa kifua kikuu wakinywea kikombe kimoja na watoto ndani ya treni. Mwaka 1909 Kansas ilipiga marufuku vikombe vya pamoja, majimbo mengine yakafuata, na kikombe cha karatasi kilichokuwa kimebuniwa miaka michache tu kabla kikapata soko. Kutupa kulianza kama hatua ya afya. Leo takataka zinatulazimu kurudi kwenye chombo cha kudumu, na tukirudi bila usafi tutakutana na yale yale Crumbine aliyoyakimbia.

Ndani ya chupa yenyewe kuna nini? Bakteria wanaoelea kwenye maji hawakai wakielea muda mrefu. Ndani ya saa chache baadhi yao hushika ukuta wa chupa, hasa penye mikwaruzo na kwenye hesi za kifuniko, wakaanza kutoa ute. Ute huo hujenga utando, na ndani ya utando bakteria huishi kwa kulishana na kukingana. Ukipitisha kidole ndani ya chupa ukahisi utelezi, umeugusa. Klorini iliyopo kwenye maji ya bomba hutumika juu juu ya ute kabla ya kuwafikia walioko chini, na kusuuza kwa maji matupu hakubandui kitu. Wengi wa bakteria hao ni wa kawaida wa kinywani na ngozini, hawadhuru mtu mzima. Tatizo ni kwamba akiingia wa hatari, amekuta nyumba iliyokwisha kujengwa.

Kinachoubandua ni msuguano: brashi, sabuni na maji ya moto, kila siku, bila kusahau kifuniko na mpira wake. Kisha chupa ikauke ikiwa wazi, mdomo chini. Kukauka ni dawa ambayo watu huidharau. Mara moja kwa wiki, kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato katika lita moja ya maji, tikisa, subiri dakika kadhaa, mwaga, acha ikauke. Chupa yenye mdomo mwembamba usioruhusu brashi kufika chini haifai kama yenye mdomo mpana. Mikunjo na mirija ya ndani inapendeza dukani lakini hakuna anayeifikia kuiosha.

Hapo ndipo tunafika kwenye chombo cha kujazwa tena chenye sifa kuliko vyote Kampala: jerikeni la njano la lita 20. Limebeba mafuta ya kupikia kabla, sasa limebeba maji ya familia kwa miaka. Kwa upande mmoja ni chombo bora, maana mdomo wake mwembamba haupitishi mkono wala kikombe, na mkono uliochovywa ndani ya ndoo ndio njia kuu ya maji safi kuharibika nyumbani. Kwa upande mwingine mdomo huo huo haupitishi brashi. Watu hutia mchanga na vikokoto pamoja na sabuni, wakatikisa kwa nguvu mpaka ndani patakate. Ni mbinu yenye akili, ni msuguano ule ule, ingawa mchanga huacha mikwaruzo ambayo ute hupenda kushikilia. Kokoto laini za mviringo zilizooshwa ni afadhali.

Maji yenyewe hutofautiana. Kwenye mitaa ya mabondeni kama Bwaise, wengi wametegemea chemchemi zilizojengewa, na utafiti wa Guy Howard na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha jinsi mvua inavyosomba uchafu wa karibu na chemchemi na kuuingiza ndani. Lakini hata jerikeni lililojazwa maji safi ya bomba huweza kuchafuka kabla ya kufika kinywani. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, familia zilipewa ndoo zenye kifuniko kisichoruhusu mkono na kidomo cha kumiminia. Vijidudu vya kinyesi kwenye maji ya nyumbani vilipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kukapungua kwa takriban asilimia 31, ingawa idadi ya watoto ilikuwa ndogo mno kuifanya hesabu hiyo ya pili kuwa ya hakika. Maji hayakubadilishwa. Kilichobadilishwa ni chombo.

Siwezi kuandika juu ya vyombo vya kunywea Kampala nikaiacha malwa. Chungu cha ulevi wa ulezi huwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa, na watu waliokaa duara wakanywa kwa mirija mirefu yenye chujio nchani. Ni desturi nzuri ya kuketi pamoja, iliyokuja mjini na Wateso na kupendwa na wengi wasio Wateso. Kisayansi ina ugumu wake: mtu akiacha kunyonya, kinywaji kilichobaki ndani ya mrija hurudi chunguni kikiwa na mate. Maji ya moto yanayoongezwa hupoa yanapochanganyika, na ulevi wenyewe hauna pombe kali ya kuua vijidudu. Kwa kifua kikuu, hewa ya chumba kidogo kilichofungwa ndiyo ya kuhofia zaidi kuliko mrija. Kwa magonjwa ya tumbo, mrija una hatia. Wanaobeba mirija yao wenyewe wanafanya vizuri, wakiichemsha kabisa, kwa kuwa ndani yake hapaonekani wala hapafikiki kwa brashi. Chungu kidogo cha watu wachache ni bora kuliko kikubwa cha watu kumi na tano.

Mikono nayo hufuata kanuni ile ile ya mguso. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango wa duka Kampala ulikuwa na pipa la maji lenye koki na kipande cha sabuni. Mapipa mengi yamekwisha kutoweka. Hata yalipokuwepo yalikuwa na kasoro: mkono mchafu hufungua koki, mkono safi huifunga, na uchafu hurudi ulikotoka. Kibuyu chirizi, kile kidumu kinachoning'inia na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa na mguu, kilichoanzia Zimbabwe na kuenea mashuleni Uganda, kinakwepa kasoro hiyo kwa gharama ya kidumu, kamba na vijiti.

Shule nyingi za Kampala sasa hudai kila mtoto aje na chupa yake ya maji. Ningependa zidaiwe nazo kitu: bomba la kujazia lililo juu kiasi kwamba mdomo wa chupa haulifikii, beseni la maji ya sabuni lenye brashi, na kichanja cha kuanikia chupa zikiwa zimeinamishwa, kwenye jua la saa nne.