Si kila waya wa chaja hupitisha data

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia juma lililopita uso umemsawijika. Mahojiano aliyorekodi na wazee kwa ajili ya tasnifu yake yalikuwa ndani ya simu. Kila alipoichomeka kwenye kipakatalishi, chaji iliingia vizuri lakini faili hazikuonekana.

“Mwalimu, fundi anasema simu imeharibika, lazima aiflashi,” akaniambia.

Kuiflashi ni kufuta kila kitu kilichomo. Nikampa waya wangu, akachomeka, na faili zote zikatokea. Simu ilikuwa nzima. Kilichomponza ni waya.

Kwa maoni yangu, kosa hili ni la lugha pia. Tumezoea kuita kila waya wa simu ‘waya wa chaja’. Jina hilo hutaja kazi moja na kuificha ya pili.

Hebu tuuchane waya wa kawaida wa USB, wa toleo la pili lililotoka mwaka 2000. Ndani mna nyaya nne nyembamba. Mbili, aghalabu mwekundu na mweusi, ni njia ya umeme wa volti 5: mmoja unauleta, mwingine unaurudisha. Mbili zilizobaki, aghalabu wa kijani na mweupe, hubeba data. Hizi za data hufanya kazi kama pacha. Ishara ya mmoja ikipanda, ya mwenzake hushuka, na kifaa husoma tofauti iliyopo kati yake. Umeme wa nje ukiingilia, huzigusa zote mbili takriban sawa, kwa hiyo tofauti ile haivurugiki.

Sasa, watengenezaji wengine hupunguza gharama kwa kuziacha kabisa nyaya za data. Kwa nje huwezi kujua. Chaji itaingia, faili hazitapita. Huo ndio waya aliokuwa nao mwanafunzi wangu.

Chungulia pia kichwa cha bapa cha USB. Utaona vipande vinne vya chuma. Viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kuliko vya katikati vya data. Haikutokea hivyo kwa bahati. Ukichomeka, umeme hutangulia kuingia ili kifaa kiamke kabla ya mazungumzo kuanza. Ukichomoa, data hukatika kwanza.

Tundu jipya la USB-C, lililotangazwa mwaka 2014, limeongeza utata. Lina miguso 24 na huchomekwa upande wowote. Watu hudhani kwamba umbo likiwa moja, uwezo pia ni mmoja. Hapana. Kuna nyaya za USB-C zinazopitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ile ile ya mwaka 2000, na nyingine zinazofika gigabiti 40. Kwa upande wa umeme, wa kawaida huishia wati 60, ilhali ulio na kitambulisho maalumu ndani yake unaweza kufika 240. Chaja nayo huanza na volti 5, kisha huongeza tu baada ya kifaa kuomba.

Ndiyo maana napendekeza tutofautishe: ‘waya wa chaji’ uwe ule wa umeme pekee, na ‘waya wa data’ ule unaofanya kazi zote mbili. Muuzaji akikuuzia, muulize ni upi. Na tukumbuke ngeli yake ni U-ZI: waya huu, nyaya hizi, si ‘waya hii’ wala ‘mawaya’.

Simu yako ikikataa kutoa faili, tazama kwanza kioo chake; simu nyingi huchaji tu hadi uchague kuhamisha faili. Ikikataa bado, badilisha waya. Fundi awe wa mwisho.

Mwanafunzi wangu sasa ameyahifadhi mahojiano yake mahali pawili. Baadhi ya wazee wale, aliniambia, wameshatutoka.