Waya Mwembamba na Safari Ndefu

Watu wengi hudhani kwamba waya usiopata moto umekwisha tosha. Sivyo. Volti ni msukumo, nao hupungua njiani kama msukumo wa maji katika bomba refu jembamba.

Tuchukue nyumba moja ya Butiama, ambayo pampu ya kisima chake iko mita 100 kutoka swichi kuu, nayo hula ampea 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 huzibeba ampea hizo bila taabu, lakini hupoteza volti 18 hivi. Zikitoka 230, hufika 212. Taabu kubwa ni wakati wa kuwasha, maana mota huvuta umeme mara tano au zaidi, na upotevu nao huzidi vivyo hivyo. Pampu hunguruma tu isizunguke, hata koili zikaungua, na bei ya mota wazazi waijua. Waya wa milimita 6 hupoteza volti 7 na kitu.

Laini kubwa itokayo Mwanza kupitia Bunda hadi Musoma ina volti 132,000, ili ampea ziwe chache na upotevu uwe mdogo. Nyumbani hatuwezi kupandisha volti. Hatuna budi kununua waya mnene.