Maarifa ya Mpiga Deki

Katika hospitali na ofisi kubwa za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, kazi ya usafi siku hizi aghalabu hutolewa kwa zabuni, na kampuni iliyoshinda huajiri watu, ikampa kila mmoja sare, ndoo na deki, kisha ikampeleka kazini asubuhi ile ile, kana kwamba kila aliyewahi kufagia ua wa kwao amekwisha kuhitimu kusafisha wodi ya wazazi. Dhana hiyo ina madhara makubwa, na wanaofikwa nayo ni wagonjwa na wafagizi wenyewe, wala si wale waliotia saini mkataba.

Na tuitazame klorini peke yake. Dawa ya chupa yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa maji sehemu 6, ipatikane ile ya asilimia 0.5 itumikayo palipomwagika damu. Maji yakizidi haiui vijidudu, yakipungua huunguza ngozi na kuwasha kifua cha mwenye kuitumia. Tena klorini hudhoofishwa na uchafu, na kwa hiyo damu sharti ifutwe kwanza, pahala paoshwe kwa sabuni, ndipo dawa itiwe na kuachwa ilowe kama dakika 10. Asiyeambiwa haya humwaga na kufuta papo hapo. Sakafu ikang'aa, harufu ikafika hadi barazani, msimamizi akaridhika, ilhali maradhi yapo pale pale. Na akiichanganya na tindikali ya kusugulia choo, kwa kudhani kuwa dawa mbili zina nguvu kuliko moja, hutoka hewa ya sumu iwezayo kumdhuru vibaya mno katika chumba kisicho na dirisha.

Hata kitambaa kina elimu yake. Aliyefundishwa hukikunja mara mbili, akafutia upande mmoja, akageuza upande mwingine, akianzia juu kuteremka chini, na mahali safi kuelekea pachafu. Asiyefundishwa hupita na kitambaa kimoja kutoka choo hadi meza ya mgonjwa, na kwa bidii yake yote akawa ndiye mchukuzi wa maradhi.

Mafunzo haya hayahitaji mtu awe msomi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa wakufunzi wa usafi wa hospitali kwa nchi zisizo na mali nyingi, nao hufundisha zaidi kwa vitendo, kwa kuwa wafagizi wengi hawakubahatika kusoma sana. Kinachokosekana ni fedha, maana mkandarasi anayetaka kushinda kwa bei ya chini hupunguza mafunzo kabla ya kitu kingine chochote. Basi hati ya zabuni yenyewe na itaje siku za mafunzo na ujira wake, pamoja na chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kila atakayeshika taka za wodi, na mkandarasi asiyeweza kumwonyesha mkufunzi wake asipewe kazi.