Shairi Halijaisha Mpaka Lisikiwe

Kwa desturi ya Waswahili, mtunzi hamalizi kazi yake akiweka kalamu chini. Shairi hungoja arusi, maulidi au jioni ya barazani, na hata siku hiyo ikifika, si lazima mwenyewe alighani. Si kila mtu kajaaliwa sauti. Yupo mghani, mwenye koo na mahadhi, naye ndiye hukabidhiwa karatasi. Mtunzi huketi pembeni, kichwa chini, akingoja hukumu.

Na hukumu haicheleweshwi. Shairi la kawaida lina mizani 16 kila mshororo, 8 upande huu na 8 upande ule, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Mzee mwenye sikio hahitaji kuona maandishi. Anahesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole vyake. Silabi ikipungua moja, atainua mkono: “Hapo panachechemea, hebu rudia.” Shairi likizidi kuchechemea litaitwa guni, na aibu hiyo humfuata mtunzi mpaka kwenye baraza nyingine. Likiwa zuri, kibwagizo hupokewa na wote, na wenye nacho huinuka kumtuza mghani. Mtunzi hupata salamu tu, nami naona hapo anadhulumiwa.

Aliyechokozwa kwa shairi hujibu kwa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, wakati miji hiyo ilipokuwa haipikiki chungu kimoja. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, majibizano hayo yakahamia kwenye kurasa zake: mmoja anauliza, mwingine wa mji wa mbali anajibu toleo jingine, wakijuana kwa lakabu kabla ya kuonana sura. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliziandika kanuni ambazo masikio ya barazani yalikuwa yakizitumia siku nyingi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wa chama cha UKUTA, akiwemo Mathias Mnyampala, waliipandisha ngonjera jukwaani. Watoto wa shule walisimama pande mbili, huyu akilipinga Azimio, huyu akilieleza, na mwisho mpinzani akakubali. Watu waliipenda mno. Ila majibizano ambayo mshindi wake anajulikana kabla ya kuanza hayana utamu wa yale ya Muyaka.

Siku hizi vikundi vya waandishi vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hukutana maktabani na kwenye kumbi, wakisoma hadithi fupi na mashairi huru pamoja na ya vina. Sina ugomvi na mashairi huru. Mshairi Kezilahabi alitufungulia mlango huo kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, nayo pia yana mapigo yake. Ugomvi wangu ni na makofi. Kila anayeshuka hupigiwa, aliyetunga vizuri na aliyelipua, kisha watu wanapiga picha na kuagana. Wenye vikundi, waalikeni na wale wazee wa kuhesabu kwa vidole, muwaweke viti vya mbele, na wakisema “rudia”, msomaji arudie.